Ridhaa Hufundishwa: Kumbukumbu za Ulinzi na Haki ya Ndoa kwa Watu Wenye Ulemavu wa Akili

Suala la mapenzi, ndoa na uzazi kwa watu wenye ulemavu wa akili hukwepwa katika familia nyingi za pwani ya Tanzania mpaka siku ambayo halikwepeki tena, nayo aghalabu huwa ni siku ambayo binti amegundulika kuwa mjamzito au kijana amekamatwa kwa kumkumbatia mtu aliyedhani kuwa anampenda. Makala hii inatokana na kumbukumbu za mwandishi aliyefundisha kwa muda mrefu katika vitengo vya elimu maalumu mkoani Tanga, yaani madarasa ya wanafunzi wenye ulemavu yaliyomo ndani ya shule za msingi za kawaida, na ambaye aliendelea kuwafuatilia baadhi ya wanafunzi hao walipokuwa watu wazima. Hoja yake ni kwamba ulinzi na haki ya uhusiano, ambavyo wazazi, walimu na wanasheria huvitazama kana kwamba kimoja hakipatikani ila kwa kukipunguza kingine, kwa sehemu kubwa hupatikana kwa kazi ileile moja: kumfundisha mtu mwili wake, kumzoesha kuulizwa, na kuliheshimu jibu lake.

Ulemavu wa akili ni hali ya mtu kuwa na uwezo mdogo wa kujifunza, kufikiri na kutatua matatizo, pamoja na ugumu katika stadi za maisha ya kila siku kama kuhesabu fedha, kusafiri peke yake au kujitunza, na hali hiyo huanza utotoni. Ni tofauti na ugonjwa wa akili, ambao unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, ukaja na kuondoka, na ukatibiwa kwa dawa. Vyanzo vya ulemavu wa akili ni vingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa madini joto katika lishe ya mama mjamzito, na hitilafu za vinasaba kama ile ya kromosomu ya 21 ya ziada, ambayo Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake waliitangaza mwaka 1959 kuwa ndiyo chanzo cha sindromu ya Down. Wengi wa wenye ulemavu huu wana kiwango kidogo, kiasi kwamba huzungumza, hufanya kazi, hupanda daladala na huchagua marafiki. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba mwili haungoji akili: binti huvunja ungo na kijana hubaleghe katika umri wa wenzao au karibu nao, na pamoja na ubaleghe huja haya, shauku, wivu na hamu ya kuwa na mtu wake.

Hofu ya wazazi ina msingi. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012 ulionyesha kuwa uwezekano wa watoto wenye ulemavu kufanyiwa ukatili ni mara 3.7 ya ule wa watoto wasio na ulemavu, na kwamba kwa wale wenye ulemavu wa akili au matatizo ya afya ya akili, uwezekano wa kufanyiwa ukatili wa kingono ni mara 4.6. Matukio aliyoyajua mwandishi yalifanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba mtendaji alikuwa mtu wa karibu: mjomba, jirani mwenye duka, au dereva wa bodaboda aliyelipwa na familia yenyewe ili ampeleke binti shuleni. Mtu wa namna hiyo huwa ameshajua mambo mawili, kwamba binti amezoea kutii kila mtu mzima, na kwamba akisema hataaminiwa.

Katika tukio mojawapo, mama alimfikisha binti yake mtu mzima katika kituo cha polisi, fomu ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, PF3, ikatolewa, na askari wa dawati la jinsia na watoto akaanza kuuliza maswali yake kwa upole. Kila swali lilijibiwa na mama. Askari alipomgeukia binti na kumwomba aonyeshe mwenyewe mahali alipoumizwa, binti alitazama chini kwa muda, kisha akaonyesha goti, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumfundisha jina la kiungo chenyewe, wala aliyewahi kumwambia kwamba kukitaja mbele ya mtu mzima si utovu wa adabu. Shauri lile halikufika mahakamani. Sheria haikuwa imemfungia mlango, maana kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania humhesabu kila mtu kuwa anaweza kutoa ushahidi, isipokuwa mahakama ione kuwa hawezi kuyaelewa maswali au kuyajibu kwa mantiki kwa sababu ya umri mdogo, uzee, maradhi au sababu nyingine inayofanana na hizo. Kilichomkosesha haki ni kwamba alilelewa bila maneno, na watu waliomnyima maneno hayo walifanya hivyo kwa nia ya kumlinda.

Sheria za jinai nazo zina kasoro yake, na inafaa ielezwe kwa kina kwa kuwa wengi huzidhania sheria hizo kuwa ni ngao. Kanuni za Adhabu ambazo Tanzania na Kenya zilizirithi kutoka utawala wa Waingereza ziliweka kosa mahsusi, katika kifungu cha 137 kwa Tanzania na cha 146 kwa Kenya, la kumwingilia mtu ambaye mtendaji anamjua kuwa na upungufu wa akili, katika mazingira ambayo hayafikii kuwa ubakaji, na adhabu iliyowekwa ni kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu cha aina hii hakiulizi kama mwanamke alitaka au hakutaka. Kinauliza hali yake tu. Matokeo yake yanadhuru pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa upande mmoja, mapenzi ya hiari ya watu wazima wawili nje ya ndoa huwa jinai kwa sababu tu mmoja wao ana ulemavu. Kwa upande mwingine, mtu aliyembaka binti huyo anaweza kushtakiwa kwa kosa hili jepesi badala ya ubakaji, ambao tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 hubeba kifungo kisichopungua miaka 30 nchini Tanzania. Sheria isiyotambua kwamba mwanamke huyu anaweza kukubali huishia kutoshughulika na kukataa kwake, na mbakaji hunufaika kwa miaka 16 ya tofauti hiyo.

Pale ambapo familia hazitegemei sheria, hutegemea njia mbili, kufuli na sindano. Kufuli haihitaji maelezo marefu, kwani kila mwalimu wa kitengo anamjua mwanafunzi aliyeacha kuja shule mara tu alipovunja ungo, akabaki nyumbani kulea watoto wa dada zake, mikononi mwa ndugu na majirani walewale ambao ndio chanzo kikubwa cha hatari. Sindano ya kuzuia mimba inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hutolewa mahali pa heshima na watu wenye huruma. Mwandishi alikuwapo siku ambayo shangazi alimleta binti katika zahanati ili apate sindano ya miezi mitatu, na binti alipouliza ni ya nini akajibiwa kuwa ni ya malaria. Alipandisha mwenyewe mkono wa gauni, akageuzia uso ukutani kama alivyozoea tangu chanjo za utotoni, na alipokwisha kuchomwa akaomba aandikiwe katika daftari lake kwamba ametibiwa malaria. Uzazi wa mpango ni haki ya mwanamke huyu kama ilivyo ya mwingine yeyote, endapo ameelezwa na akakubali. Alichofanyiwa siku ile ni kitu kingine kabisa. Tena sindano ile, ambayo familia iliihesabu kuwa ulinzi, huzuia mimba tu. Haimzuii mtu yeyote kumwingilia, na katika nyumba ambayo binti hajafundishwa kusema, huondoa ile dalili pekee ambayo ingewafanya wazazi wagundue.

Historia imeshaonyesha mwisho wa njia hiyo ya kuzuia uzazi bila ridhaa. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Buck dhidi ya Bell, iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi kwa upasuaji msichana aitwaye Carrie Buck, kwa madai kwamba yeye, mama yake na mtoto wake mchanga wote walikuwa na upungufu wa akili. Baadaye ilibainika kuwa Carrie alipata mimba kwa kubakwa na jamaa wa familia iliyokuwa ikimlea, ambayo ilimpeleka katika taasisi ili kuficha aibu, kwamba hakuwa na ulemavu wa akili, na kwamba binti yake, aliyefariki akiwa na miaka 8, aliwahi kuorodheshwa miongoni mwa wanafunzi waliofanya vizuri darasani. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi chini ya sheria za majimbo ya Marekani katika karne ya 20. Ikumbukwe kwamba waliozitetea sheria hizo walisema wanawalinda wahusika na jamii, na kwamba katika shauri lenyewe mwenye kosa la ubakaji hakuguswa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, uliyaweka mambo yote mawili katika waraka mmoja. Ibara ya 16 inazitaka nchi ziwakinge watu wenye ulemavu dhidi ya unyonyaji, ukatili na udhalilishaji, na Ibara ya 23 inatambua haki ya kila mtu mwenye ulemavu aliyefikia umri wa kuoa au kuolewa kufunga ndoa na kuanzisha familia kwa ridhaa huru na kamili, pamoja na haki ya kubaki na uwezo wake wa kuzaa. Kinachoziunganisha ibara hizo mbili ni Ibara ya 12, inayohusu hadhi ya mtu mbele ya sheria, ambayo Kamati ya Mkataba huo iliifafanua mwaka 2014 kwa kusema kwamba upungufu wa uwezo wa akili si sababu ya kumnyima mtu mamlaka ya kuamua mambo yake, na kwamba wajibu wa serikali ni kumpatia msaada wa kuamua. Msaada huo ndio unaoitwa uamuzi unaosaidiwa: mtu anaelezwa kwa lugha anayoielewa, anapewa muda, anakuwa na mtu anayemwamini pembeni yake, lakini neno la mwisho linabaki kuwa lake.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiko mbali na fikra hiyo kama inavyodhaniwa. Kifungu chake cha 16 kinataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili, na kinasema ridhaa haihesabiki pale ambapo upungufu wa akili umemfanya mtu asielewe sawasawa maana ya tendo analolifanya. Kipimo hapo ni uelewa wa jambo moja mahsusi, ndoa. Mtu anaweza kushindwa kusoma, kushindwa kurudisha chenji sokoni, na bado akaelewa vizuri kabisa maana ya kuolewa, nani anamwoa, na kwamba anaweza kukataa.

Ikiwa uelewa ndio kipimo, basi swali linalofuata ni nani anayefundisha, na hapa ndipo jamii za pwani na bara yake ya karibu zina akiba ambayo hazijaitumia. Binti alipovunja ungo alikabidhiwa somo, yaani mwanamke mtu mzima asiye mama yake aliyebeba jukumu la kumfunda, na katika unyago makungwi walimfundisha mwali usafi wa hedhi, mwili wake na wa mwanamume, na adabu za ndoa, kama wavulana walivyofundwa jandoni. Hans Cory, aliyeandika mwaka 1956 kuhusu sanamu za udongo zilizotumika katika mafunzo hayo nchini Tanganyika, Wazigua na Wasambaa wakiwamo, alieleza jinsi sanamu hizo zilivyoambatana na nyimbo na mafundisho yake. Kitu cha kushikika, wimbo mfupi na kurudia mpaka mwanafunzi akizoee ndiyo mbinu inayopendekezwa leo kwa wanafunzi wenye ulemavu wa akili, na makungwi wasiojua kusoma walikuwa wameikamilisha kitambo. Hata hivyo, binti mwenye ulemavu wa akili ndiye aliyeachwa nje, kwa hoja kwamba hataolewa, kwa hiyo hana haja ya kufundwa, au kwamba atakwenda kuyatangaza njiani. Si kila kinachofundishwa unyagoni kinastahili kutetewa, hasa yale yanayomwambia mwali kuwa kazi yake ni kumridhisha mume na kunyamaza, na yale yanayotolewa kwa watoto kabla ya wakati wao. Lakini kumnyima elimu hiyo yule aliye katika hatari kuliko wote ni kosa kubwa zaidi.

Kungwi mmoja, mwanamke mzee aliyekuwa na mjukuu katika kitengo, alikubali kuja shuleni mara kwa mara kuwafunda mabinti kwa makubaliano na wazazi wao. Alifinyanga watu wa udongo, akataja kila kiungo kwa jina lake, akawaimbisha, na akaongeza zoezi ambalo halikuwamo katika unyago wake wa zamani: binti mmoja alinyoosha mkono kumgusa mwenzake, na mwenzake alipaswa kusimama, kurudisha mkono ule na kusema kwa sauti, "Uliza kwanza." Zoezi hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa kuwa mabinti wale walikuwa wamevutwa mkono, kuvuliwa nguo na kuogeshwa na kila mtu maisha yao yote bila kuulizwa. Walipolishika, walilitumia nyumbani, na baadhi ya wazazi walikuja kulalamika kwamba watoto wao wamekuwa wajeuri. Binti mmoja kati yao ndiye aliyemwamsha bibi yake usiku na kumwambia, kwa maneno kamili, ni nani aliyemshika, wapi, na kwa kiungo gani. Bibi alimwamini kwa sababu maelezo yale hayakuacha nafasi ya kubahatisha.

Wavulana walihitaji mafundisho hayohayo kutoka upande wa pili, jambo ambalo watetezi wa haki hulisahau. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la mwanamume aliyetajwa kwa herufi JB, iliamua kwamba kuelewa kujamiiana ni pamoja na kuelewa kwamba mwenzako naye lazima akubali, tangu mwanzo mpaka mwisho. Uamuzi huo una busara, kwani kijana asiyefundishwa kuusoma uso wa mwenzake na kukoma anapoambiwa akome huweza kumdhuru mtu mwingine, na huweza kuishia gerezani au mikononi mwa watu wenye hasira.

Miongoni mwa wanafunzi wa zamani kulikuwa na kijana na binti waliokutana katika kikundi cha kusuka ukili, ambao walikaa pamoja mchana kutwa kwa misimu mingi kabla ya kijana kumwambia mama yake kwamba anataka kuoa. Wazee walikataa, wakakubali, wakakataa tena. Katika ndoa ya Kiislamu walii humwozesha bibi harusi baada ya kupata idhini yake, na wanazuoni wengi huuhesabu ukimya wa mwanamwali kuwa ni idhini kwa sababu ya haya. Sheikh aliyeitwa kufungisha ndoa hiyo alisema kwamba ukimya wa binti huyu unaweza kuwa na maana nyingine, akaketi karibu na mlango wa chumba pamoja na mashahidi wawili, na akamuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo pekee. Alifanya vyema, kwa kuwa watu wenye ulemavu wa akili, kama Carol Sigelman na wenzake walivyoonyesha mwaka 1981, wana mwelekeo wa kuitikia ndiyo kwa kila swali ambalo hawana uhakika nalo, ili kumridhisha muulizaji.

"Mwanangu, unakwenda kukaa wapi?" aliuliza. "Nyumba ya uani, kwa mama yake," binti alijibu. "Na akikupiga?" "Namwambia bibi." "Wewe mwenyewe unataka?" "Nataka, shehe. Nimesema tangu Ramadhani."

Ndoa hiyo imekuwa na msaada wa kila siku ambao haukuandikwa popote: dada wa mume huwasomea ujumbe wa simu na kuwaeleza masuala ya fedha, na muuguzi aliwaeleza kijiti cha uzazi wa mpango kwa kuwawekea mikononi mwao, mara kadhaa, mpaka wote wawili wakakubali kungoja kabla ya kuzaa. Imekuwa pia na matatizo. Mume alitapeliwa fedha za ukili na mtu aliyejifanya wakala, na walipogombana mke alirudi kwa bibi yake mpaka shemeji alipokwenda kusuluhisha. Mmarekani Robert Perske aliandika mwaka 1972 kuhusu heshima ya kuthubutu, yaani hadhi ambayo mtu huikosa anapozuiwa kujaribu jambo lolote linaloweza kumwendea vibaya. Utapeli na ugomvi ni mambo ambayo wanandoa wa mtaa mzima wameyapata, na hakuna aliyependekeza ndoa zao zivunjwe.

Isidhaniwe kuwa kila ndoa ni ushindi wa haki. Mwandishi aliwajua mabinti walioozeshwa kwa wanaume wenye umri wa baba zao, kwa hoja kwamba wazazi watakufa na binti atahitaji mtunzaji, na katika harusi hizo hakuna aliyeketi mlangoni kuuliza. Mmoja wao alirudishwa nyumbani na mtoto mgongoni, bila talaka na bila matunzo. Familia iliita tendo lile ulinzi, na baadhi ya majirani waliliita haki yake ya kuolewa, ilhali halikuwa lolote kati ya hayo, kwa kuwa binti hakuulizwa.

Kifungu cha 137 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinapaswa kufutwa, na mahali pake pawekwe kosa linalopima ridhaa na matumizi mabaya ya dhamana, likimlenga hasa mtunzaji, mwalimu, ndugu au dereva aliyekabidhiwa mtu huyu akamtumia. Ireland ilikuwa na sheria inayofanana nacho ya mwaka 1993 na iliibadilisha mwaka 2017, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Maofisa ustawi wa jamii, masheikh, mapadri na wachungaji waulize kwa namna ambayo jibu la hapana linaweza kutoka. Lakini mzazi asingoje Bunge. Ambaye binti yake mwenye ulemavu wa akili amevunja ungo mwaka huu amtafutie somo anayeaminika sasa, na mwenye kijana aliyebaleghe amtafutie mwanamume mwadilifu wa kumfunda vilevile, na siku watakapoanza kurudi nyumbani wakisema "Uliza kwanza," wasigombezwe.